Jiwe likikupiga gumba: matatizo ya manati ya mkono mtupu na ya panda

Likizo ya Juni ilipoanza, mpwa wangu alikuja kwetu Pasua, hapa Moshi, akiwa ameficha mkono wa kushoto mgongoni. "Shikamoo mjomba." Marahaba, lete huo mkono tuuone. Ukucha wa gumba ulikuwa mweusi tii na kifundo cha kidole cha shahada kimechubuka. Alikuwa ameona vijana wakipiga manati bila panda, mipira imeshikwa kwa vidole tu, naye akajaribu. Mara ya nne jiwe likamgonga.

Sikumgombeza. Nilichukua manati yangu ya panda ya mpera, nikapaka chaki pembe zote mbili kwa upande wa ndani, nikamwambia apige kopo mara kumi. Hakuumia, na kopo alilipata mara tatu. Lakini tulipoitazama panda, chaki ya pembe ya kushoto ilikuwa imefutika sehemu mbili. Mawe mawili kati ya kumi yaligusa mti. Kosa lililompasua ukucha alikuwa nalo hata akishika panda. Mti ndio uliokuwa ukipokea kipigo badala yake.

Kwa hiyo mimi hutafuta ugonjwa hivi: tatizo la mkono mtupu nalipeleka kwanza kwenye panda, kwa mipira ileile na ngozi ileile. Likiendelea, chanzo kiko kwenye mipira, ngozi au mkono wa kuvuta. Likiisha, chanzo ni mkono wa mbele. Ukifuata njia hii hutabadilisha vitu vitano kwa mpigo na kushindwa kujua kipi kilikuponya.

Kwanza, mshiko wenyewe

Kuna wanaovalisha kitanzi kimoja kwenye gumba na kingine kwenye kidole cha shahada, kisha wanatanua vidole viwe kama panda. Siupendi mshiko huo kwa anayeanza, kwa sababu kitanzi kikichomoka kidoleni, mpira wote unarudi usoni. Ninaoufundisha ni huu: ncha za mipira miwili zinafungwa kila moja kwenye kipande cha ngozi chenye fundo nene, fundo hizo zinakaa ndani ya ngumi, zimebanwa na vidole vitatu vya chini. Mpira mmoja unapita juu ya kifundo cha kidole cha shahada kilichokunjwa, mwingine juu ya gumba. Fundo zikiwa nene haziwezi kuteleza hata kiganja kikilowa jasho.

Tazama sasa nafasi iliyopo. Panda nzuri ina uwazi wa karibu sentimita 8 au 9 kati ya pembe, na jiwe linapita likiwa na nafasi kila upande. Kati ya gumba na kifundo cha shahada kuna sentimita 3 au 4. Jiwe halipiti katikati ya vidole. Lazima lipite juu yake. Matatizo karibu yote ya mkono mtupu yanatokana na hilo.

Kabla hujaendelea, vaa miwani. Si ya jua. Ile ya plastiki ngumu wanayovaa mafundi wa kukata vyuma. Mpira ukikatika unarudi kwenye jicho unalolengea, uwe na panda au usiwe nayo.

Jiwe linagonga gumba, kifundo au pembe

Hili ndilo kubwa, na lina vyanzo vinne vinavyofanana kwa maumivu ila vinatofautiana kwa alama. Usikimbilie kupaka dawa kabla hujatazama alama iko wapi.

Alama ikiwa upande mmoja tu, kila mara, pima mipira. Iweke juu ya meza bila kuivuta, ncha kwa ncha. Mpira mfupi, au mpana zaidi, ndio wenye nguvu, na jiwe huvutwa kuelekea upande wake. Ya mpwa wangu ilitofautiana kwa milimita 6. Ukiitazama kwa macho hungejua. Tuliilaza kwenye sakafu ya saruji, tukaweka kidole penye mafundo ya ngozi, na ncha moja ikatangulia nyingine kwa upana wa penseli. Upande mfupi ndio aliouweka kwenye gumba. Alipoigeuza, mfupi ukaja kwenye shahada, na jiwe la kwanza likapita likikwaruza kifundo. Hapo aliamini. Dawa si kuvuta mpira mfupi urefuke; kata yote miwili upya kutoka tyubu moja, ukiwa umeibandika pamoja ili kisu kipite mara moja.

Alama zikihamahama, leo gumba na kesho shahada, tazama ngozi na jiwe. Jiwe halikai katikati. Mimi hutoboa tundu dogo katikati ya ngozi, la kuingia ncha ya kalamu, ili vidole vya kuvuta vihisi jiwe limeketi. Ngozi bora ni ulimi wa kiatu cha mtumba: ni laini, haitanuki hovyo, na imeshazoea kukunjwa. Jiwe lenye pembe linajigeuza ndani ya ngozi hata uwe stadi, kwa hiyo mkono mtupu haupigwi kwa kokoto za barabarani. Tumia gololi za kioo au gololi za beringi. Gololi ya chuma ya milimita 9.5 ina gramu kama 3.5, kila moja sawa na mwenzake. Kokoto hazina ahadi hiyo.

Alama ikiwa juu ya ngumi, katikati, chanzo ni mkono wa mbele, na hapa panda haitakuonyesha chochote kwa sababu pembe zake zimenyanyua mipira juu ya ngumi. Ngumi yako imekakamaa. Katika mkono mtupu, kifundo cha mkono kinatakiwa kiwe kinasukuma mbele wakati wote unapovuta, kama mtu anayeegemea mlango uliofungwa. Ukiachia, mzigo unaondoka ghafla na ngumi inainama yenyewe mbele na chini, kama unabisha hodi. Vidole vinaondoka njiani, jiwe linapita. Wengi wanajaribu kuinamisha ngumi kwa kukusudia baada ya kuachia, na wanachelewa: safari ya jiwe kutoka shavuni hadi ngumini ni chini ya sehemu 4 za mia za sekunde. Hakuna mkono unaowahi hapo. Msukumo uwepo kabla.

Anayeogopa kugongwa ndiye anayegongwa zaidi, maana hofu inakaza kifundo cha mkono. Nilimtoa mpwa wangu kwenye mipira ya tyubu nikamfungia rababendi mbili za ofisini na vidonge vya udongo mkavu vya ukubwa wa gololi. Vikimgonga vinapasuka na havimuumizi kitu. Siku tatu alipiga vidonge hivyo tu, ukutani, hatua nne. Ngumi ilipoanza kuinama bila kuambiwa, ndipo tukarudi kwenye mpira.

Chanzo cha nne ni ngozi kutogeuzwa. Unapovuta, geuza ngozi robo mzunguko kwa vidole vyako, halafu ipinde kidogo ili mdomo wake utazame juu ya ngumi. Panda pana haihitaji hili, ingawa wapo wanaolifanya. Panda nyembamba inalihitaji, na mkono mtupu hauna hiari. Ukikuta unapiga salama mara tisa kisha ya kumi inakugonga, mara nyingi hiyo ya kumi ulisahau kugeuza.

Hakuna kinachogonga, ila ngozi inakuchapa vidole

Jiwe limeenda salama, lakini mipira yenyewe inarudi na kupiga ngumi kwa nguvu mpaka mkono unakufa ganzi. Jiwe lako ni jepesi mno kwa mpira huo. Nguvu ambayo jiwe limeshindwa kuondoka nayo inabaki kwenye mpira, nao unaimalizia mkononi. Ongeza uzito wa jiwe au punguza upana wa mpira. Usiachie manati tupu kamwe, maana hapo nguvu yote inabaki.

Jiwe linatoka kivivu

Mtu akiniambia manati yake imechoka, naomba kwanza kuona tyubu ilikotoka. Wengi tunaokota kwa fundi baiskeli au fundi wa pikipiki, na si kila tyubu inafaa. Tyubu nyingi siku hizi ni za mpira wa butili, ambao umetengenezwa kuzuia upepo usitoke, na kwa kazi hiyo ni mzuri sana. Kwa manati ni mvivu. Kata ukanda wa sentimita 10, uvute, uachie upande mmoja. Mpira wa asili unarudi kwa mlio, tap, na kukaa. Butili inarudi kama mtu anayeamshwa alfajiri, na ukiipima mara moja baada ya kuivuta utaikuta bado imerefuka kidogo. Fundi wangu hapa mtaani sasa ananijua, ananitengea tyubu zile laini na kuniambia, "Mzee, hii inaimba."

Jambo linalonifurahisha kila nikishika ukanda wa namna hiyo ni kwamba utomvu mtupu wa mti wa mpira hauwezi kazi hii. Wakati wa joto unanata, wakati wa baridi unakauka na kuvunjika. Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1844 kwa kuupika pamoja na salfa. Manati ya mipira haina historia ndefu kuliko hapo. Teo, ile kamba ya kuzungushwa na kurusha mawe, ndiyo ya kale.

Baridi nayo inapunguza mwendo. Asubuhi za Juni na Julai, ubaridi ukishuka kutoka mlimani, mpira uleule uliopiga vizuri jana mchana unakuwa mvivu. Si kitu kidogo. Jiwe linaloruka mita 50 kwa sekunde linafika umbali wa mita 10 likiwa limeshuka kama sentimita 20. Likienda mita 40 kwa sekunde linashuka kama sentimita 30. Tofauti ni sentimita 10, karibu kimo cha kopo la maharage, na wewe unadhani shabaha imekupotea. Weka manati ndani ya shati kwa dakika kumi kabla ya kuanza. Arusha, palipo juu kuliko Moshi, nimeona jamaa zangu wa Sakina wakisubiri jua litoke kabisa.

Kama mpira ni wa asili na jua limetoka, basi punguza upana upande wa ngozi. Mimi hukata sentimita 2 upande wa panda na sentimita 1.3 upande wa ngozi. Sehemu ya karibu na ngozi ndiyo inayokimbia kwa kasi kuliko zote, na ikiwa nzito mpira unajibeba wenyewe badala ya kubeba jiwe.

Jiwe linakwenda juu, kisha chini, bila mpangilio

Ukiwa na panda, ncha ya pembe ni alama. Ukiilaza panda ubavu, mpira wa juu unakuwa kama mstari unaoelekea kwenye kopo, na jicho linafuata. Ukiiacha panda, alama hiyo inaondoka, na wengi wanaanza kuvuta popote: mara kifuani, mara shavuni, mara sikioni. Urefu wa kuvuta ukibadilika, kasi inabadilika, na pale pale jiwe linabadilisha kimo.

Chagua mfupa usiohama. Mimi nagusisha kucha ya kidole cha kuvuta kwenye mfupa wa shavu chini ya jicho la kulia. Sehemu laini ya shavu haifai, inasogea ukitabasamu. Katika mkono mtupu kifundo cha shahada ndicho kiwe ncha ya pembe yako. Kiweke mahali pamoja dhidi ya kopo kila mara. Mtu akihama kutoka panda kwenda mkono mtupu, mipira inakaa karibu zaidi na ngumi, kwa hiyo pa kulenga panabadilika. Piga mawe ishirini kwenye gunia kubwa, uone yanapokusanyika, ndipo urekebishe. Kubadilisha lengo baada ya kila jiwe ni kukimbiza kivuli.

Ikiwa yanakosea upande mmoja tu, rudi kwenye kipimo cha mipira. Panda ikisimama wima, mipira isiyolingana inapeleka jiwe kushoto au kulia. Ikilazwa ubavu, kosa hilohilo linageuka kuwa juu au chini. Watu huchanganyikiwa hapo, wakidhani wamepata tatizo jipya kwa sababu wamebadilisha mshiko.

Mpira unakatika

Pa kukatikia panasema. Ukikatika karibu na ngozi baada ya kupiga sana, umemaliza umri wake, kata mwingine. Ukikatika hapo mapema, uzi wa kufungia umeubana mno au umeukata. Funga kwa kikanda chembamba cha tyubu yenyewe badala ya uzi wa fundi viatu. Ukikatika penye pembe, pembe ina makali. Isugue kwa msasa mpaka iwe kama kijiti kilicholambwa na mto. Ukikatika katikati, kisu kilidonoa ukingo ulipokuwa unakata, au mpira umeanikwa juani. Ukunje mbele ya macho yako: ukiona vijinyufa vidogo kama vya udongo wa mbuga, usiuvute tena hata mara moja.

Kwenye mkono mtupu kuna pa nne: penye fundo la ndani ya ngumi. Hapo hupaoni ukiwa umeshika, kwa hiyo fungua ngumi na kukagua kila ukianza.

Panda inapasuka au inazunguka mkononi

Mpera ni mgumu na haupasuki ovyo. Mkahawa nao unatoa panda nzuri, na huku kwetu hukatwa wakati wa kupogolea, basi usiuharibu mkahawa wa mtu kwa ajili ya manati. Ukikata panda mbichi, menya ganda, fungia pembe ziwe sawa, ianike kivulini. Ukiharakisha juani itapasuka kutokea kwenye kitako, na ufa huo utaendelea kukua chini ya mipira bila wewe kujua. Panda ikivunjika wakati umevuta, kipande kinakuja usoni. Kila mwezi paka maji kwenye mti, ufute. Ufa unabaki na mstari mweusi.

Panda inayozunguka mkononi ina pembe ndefu mno. Kadiri mipira inavyokuwa juu ya ngumi, ndivyo inavyopinda kifundo cha mkono wako nyuma. Punguza pembe, au weka gumba na shahada kwenye pembe zenyewe. Na hapa mkono mtupu una sifa ambayo watu hawaitegemei: nguvu ya mipira inapita karibu na mstari wa mfupa wa mkono, kwa hiyo kifundo hakichoki upesi. Kinachochoka ni vidole. Ukiona kifundo kinauma kwenye mkono mtupu, unashika juu mno. Ukiona vidole vinatetemeka, mpira ni mpana kuliko uwezo wako, na kidole kinachotetemeka kitaachia.

Jiwe linarudi kwako

Chuma kikigonga ukuta, debe au mti mkavu kinarudi na kasi yake. Tundika blanketi kuukuu liwe huru chini, lisikazwe, na kopo lining'inie mbele yake. Jiwe linagonga kitambaa, kinayumba, linadondoka miguuni pake, na gololi zako unaziokota zote.

Mimi nilijifunzia manati kwenye dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, kule Mabogini, tukiamia ndege kwenye mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987, na kweleakwelea hawakuchelewa kuijua. Tulikuwa na vipande vya bati vimetundikwa kwenye miti pembezoni mwa majaruba. Kazi ilikuwa kupiga bati, na kelele ndiyo iliyowaondoa. Ndege mwenyewe hatukumlenga, na siku hizi sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda. Bati kwa umbali wa mita 20 lilitosha kunifundisha kila kitu nilichoandika hapa, isipokuwa mkono mtupu, ambao nimeujua ukubwani.

Mpwa wangu alirudi shule na ukucha mpya unasukuma ule mweusi. Siku ya mwisho alipiga kumi kwa panda akapata saba, chaki haikuguswa. Akaivua mipira ileile kwenye panda, akaishika kwa vidole, akapata manne. Ngumi iliinama mara zote kumi. Niliihesabu.